AC inapuliza kidogo? Usikimbilie kujaza gesi

Leo tuweke jembe pembeni kidogo tuzungumzie gari. Wengi mnaosoma hapa mmenunua gari baada ya misimu miwili mitatu mizuri ya alizeti au mahindi, na magari yenyewe ni haya ya Kijapani yaliyokwishatembea sana: Corolla, Carina, Spacio, RAV4 ya zamani, Noah. Maafisa wenzangu wa kilimo na mifugo, walimu na wauguzi wa vituo vya vijijini, nanyi mko humo humo. Kila kiangazi kikianza kukolea huku kwetu Kongwa, malalamiko ni yale yale: "AC imekufa, inapuliza kama mtu anayehema, inabidi nikajaze gesi."

Msimamo wangu ni huu: AC ikipuliza upepo mdogo, gesi iwe karibu na mwisho wa orodha ya unavyovishuku, isiwe ya kwanza. Pia hii tabia ya kujaza gesi bila kupima si kosa la mafundi peke yao. Sisi wateja tumechangia, kwa sababu tuko tayari kulipia dawa lakini hatutaki kulipia kipimo.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitakupa hatua za kufuata wewe mwenyewe kabla hujaenda gereji. Nyingi hazihitaji zaidi ya bisibisi, tochi na nusu saa yako.

UPEPO NI KITU KIMOJA, BARIDI NI KINGINE

AC ya gari ina kazi mbili zinazofanywa na vifaa tofauti. Kazi ya kwanza ni kusukuma hewa. Hii inafanywa na feni iliyojificha ndani ya dashibodi, mara nyingi upande wa abiria, ambayo mafundi huiita blowa. Feni hii inatumia umeme. Inavuta hewa kutoka nje au ndani ya gari, inaipitisha kwenye filta kama ipo, kisha kwenye kipoozeo, halafu inaitoa kwenye matundu unayoyaona mbele yako.

Kazi ya pili ni kupoza hewa hiyo. Hii ndiyo kazi ya gesi, kompresa, kondensa iliyo mbele ya rejeta, na kipoozeo chenyewe ambacho mafundi hukiita evaporeta. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haitoki kuja kukupuliza usoni, na haina nguvu yoyote ya kusukuma hewa unayoisikia.

Aliyewahi kulima kwa umwagiliaji wa matone atanielewa haraka. Ukiona matone yamekuwa madogo shambani, huendi kuongeza mbolea kwenye tangi. Unaangalia chujio limeziba wapi, pampu ina nguvu kiasi gani, na mpira umekunjwa wapi. Mbolea ina kazi yake, lakini haisukumi maji. Vivyo hivyo gesi ina kazi yake, lakini haisukumi upepo.

KIPIMO CHA DAKIKA MBILI

Washa injini. Zima kitufe cha AC, acha feni tu. Weka matundu yapulize usoni, kisha pandisha feni hadi spidi ya mwisho. Weka kiganja mbele ya kila tundu. Sasa washa AC, subiri kidogo, weka kiganja tena.

1. Upepo mdogo AC ikiwa imezimwa, na mdogo vile vile ikiwa imewashwa: tatizo ni la hewa. Gesi haihusiki.
2. Upepo mkubwa lakini si wa baridi: hapo ndipo gesi, kompresa, kondensa au feni ya rejeta huingia kwenye mazungumzo.
3. Upepo mdogo lakini wa baridi kali: hii ni dalili nzuri, maana mfumo wa gesi unafanya kazi. Kinachokosekana ni hewa ya kuibeba baridi hiyo.
4. Unaanza na upepo mkubwa, halafu baada ya nusu saa ya safari unapungua taratibu: hii ni kesi ya pekee, nitaieleza mbele.

Kipimo hiki hakina gharama. Lakini ukimuuliza mtu aliyetoka kujaziwa gesi kama alikifanya, mara nyingi jibu ni hapana, wala hakuulizwa na yeyote.

KWA NINI TUNAISHIA KWENYE GESI

Katika kazi yangu ya ugani hili nalifahamu vizuri. Mkulima anafika dukani anasema, "Mahindi yangu yamekuwa ya njano, nipe dawa." Hakuja na jani, hajasema njano imeanzia chini au juu, wala kama shamba linatuamisha maji. Muuza duka naye ana dawa kwenye rafu. Anauza, mkulima anapiga, mahindi yanabaki ya njano kwa sababu shida ilikuwa upungufu wa naitrojeni. Hapo nani ametapeliwa? Mwenye duka ameuza alichoombwa.

Gereji ni hivyo hivyo. Tunafika tunasema, "Nijazie gesi." Fundi akisema, "Ngoja kwanza nipime, utanilipa kidogo ya kupima," tunanuna na kwenda gereji nyingine. Tunataka kuona kitu kimeingia kwenye gari ndipo tutoe hela. Kwa hiyo fundi amejifunza kwamba saa moja ya kufikiri na kuchunguza haina mteja, bali mtungi wa gesi ndio wenye mteja. Anauza mtungi.

Namfahamu mwalimu mmoja wa kata jirani ambaye gari lake lilijazwa gesi mara mbili ndani ya kiangazi kimoja, gereji ile ile. Kila mara alitoka hapo akihisi nafuu kwa siku chache, kisha joto likamrudia. Tulipotoa kidroo cha mbele ya abiria tukachomoa filta ya hewa ya ndani, ilikuwa imegeuka kama kipande cha blanketi: vumbi, nywele na makapi ya alizeti yameshikana pamoja. Filta mpya ilimgharimu chini ya pesa ya kujaza gesi mara moja, na upepo ukarudi siku hiyo hiyo.

Tena gesi isiyohitajika haiishii kwenye kupoteza hela tu. Kila gari lina kiasi chake, na mara nyingi kimeandikwa kwa gramu kwenye lebo chini ya boneti. Kwa magari mengi madogo yanayotumia R134a, kiasi hicho hakifiki hata kilo moja. Ukizidisha, presha inapanda, baridi inapungua badala ya kuongezeka, na kompresa inafanya kazi kwa shida mpaka inakufa mapema. Kompresa ikifa, hapo utajua kilio ni nini.

Vile vile gesi haiishi kama petroli. Inazunguka mle mle. Kama imepungua sana, kuna mahali inavuja, hivyo kujaza bila kutafuta mvujo ni kujaza ndoo iliyotoboka. Na inapovujia angani haipotei bure: kilo moja ya R134a huongeza joto la dunia kwa kiasi kinacholingana na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi, ukipiga hesabu ya miaka 100. Gesi za kundi hili ndizo zilizozungumzwa na mataifa hapo Kigali mwaka 2016, walipokubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Sisi tunaohangaika na mvua zisizotabirika mashambani hatuna sababu ya kumwaga gesi hiyo hewani kwa ajili ya filta iliyoziba.

HATUA ZA KUTAFUTA UPEPO ULIPOKWAMA

Fuata mpangilio huu. Tunaanza na vya bei ndogo na rahisi kufikia, tunamalizia na vya kufungua dashibodi.

Hatua ya 1: Kitufe cha hewa ya ndani na ya nje.
Kwenye dashibodi kuna kitufe chenye picha ya gari na mshale. Kimoja kinavuta hewa kutoka nje, kingine kinazungusha hewa ya ndani. Feni ikiwa juu, badilisha kati ya hivyo viwili usikilize. Kama upepo unaongezeka sana ukiweka hewa ya ndani, basi njia ya hewa ya nje imeziba. Fungua boneti, tazama matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele pale waipa zinapolala. Wanaoegesha chini ya mwarobaini au mwembe, ninyi ndio walengwa. Majani yanaingia pale, yanaoza, yanakuwa mboji kabisa. Toa kwa mkono, usiyasukume ndani kwa maji ya presha.

Hatua ya 2: Filta ya hewa ya ndani.
Hii si filta ya injini. Ni ile inayochuja hewa unayovuta wewe. Kwenye Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000 ipo nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria. Toa vitu vyote, banua kuta mbili za kidroo kuelekea ndani ili kishuke, na kama kina kijiti cha kukizuia pembeni kitoe taratibu. Utaona kifuniko chembamba cha plastiki. Kifungue, vuta filta.

Sasa fanya jaribio: filta ikiwa nje, rudisha kifuniko, washa feni spidi ya mwisho kwa dakika moja. Upepo ukiruka ghafla, umempata mwizi wako. Ukibaki vile vile, filta haina hatia peke yake, endelea na hatua zinazofuata.

Zingatia mambo manne hapa:
- Usioshe filta ya karatasi kwa maji na sabuni ukairudisha. Nyuzi zake zinaharibika na inaweza kuziba zaidi ikishalowa.
- Kuipuliza kwa upepo wa kompresa ya gereji ni msaada wa muda tu. Puliza kwa nguvu ndogo kutoka upande msafi kwenda upande mchafu.
- Filta ina mshale. Fuata mshale, na kabla ya kuitoa ya zamani angalia ulikuwa umeelekea wapi.
- Usikubali ushauri wa "itoe tu uitupe, upepo utakuwa mwingi." Ni kweli utakuwa mwingi kwa miezi kadhaa. Baada ya hapo vumbi lote litakwenda kugandia kwenye kipoozeo, na kipoozeo hakitoki kwa bisibisi moja.

Watengenezaji wengi hushauri kubadili filta hii kwa mwaka mara moja au kila kilomita 15,000 hadi 20,000, na mapema zaidi penye vumbi. Sasa wewe unayepita barabara za vumbi kila siku kuelekea vijijini, au unayeegesha sokoni Kibaigwa wakati wa msimu wa mahindi, wewe ndiye yule wa "mapema zaidi." Mimi nashauri uiangalie kila unapobadilisha oili ya injini, kisha uamue.

Kuna magari ya miaka ya 1990 ambayo hayana filta hii kabisa, na mengine yana nafasi yake lakini haikuwekwa. Ukikuta nafasi tupu, tafuta filta inayoingia. Ukikuta hakuna nafasi, jua kwamba vumbi la miaka yote limekwenda moja kwa moja kwenye feni na kipoozeo, hivyo hatua zinazofuata zinakuhusu zaidi.

Hatua ya 3: Sikiliza spidi za feni.
Pandisha feni namba moja hadi ya mwisho, polepole.
- Inafanya kazi spidi ya mwisho tu, nyingine zimekufa: karibu kila mara ni rezista ya feni. Ni kifaa kidogo kinachokaa karibu na feni yenyewe. Kinabadilishwa bila kugusa gesi. Kwenye magari yenye AC ya kujiendesha yenyewe, kazi hii hufanywa na kifaa kingine cha elektroniki, hivyo mwambie fundi ni AC ya aina gani.
- Haifanyi kazi spidi yoyote: anza na fyuzi, kisha rilei, kisha mota.
- Inafanya kazi spidi zote lakini zote ni dhaifu: nenda hatua ya 4.
- Sauti ni kubwa kama kawaida lakini upepo hautoki: feni inazunguka, ila hewa inakwama mahali, au gurudumu lake limelegea kwenye mhimili na halizunguki sawasawa.

Hatua ya 4: Feni yenyewe.
Ikague kutoka chini ya dashibodi upande wa abiria. Zima gari kabisa, toa ufunguo. Katika magari mengi mota imeshikwa na skrubu tatu na soketi moja ya waya. Ukiishusha utaona gurudumu lenye mapezi mengi membamba. Mapezi hayo yakijaa vumbi na majani, hayashiki hewa tena, kama vile koleo lililojaa tope lisivyochota mchanga. Safisha kwa brashi laini.

Na hapa niseme neno kuhusu panya. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi ni nyumba ya kupanga. Panya huingia kwa njia ya hewa ya nje na kujenga kiota juu ya feni, mahali pakavu, pasipo na paka. Ukisikia mkwaruzo feni ikiwashwa, pamoja na harufu ya mkojo, usiendelee kuwasha na kuzima. Shusha feni utoe kiota. Vaa barakoa na glovu, lowesha uchafu ule kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu kabla ya kuugusa, kwa sababu vumbi la kinyesi cha panya si la kuvuta.

Kama gurudumu ni safi na feni bado dhaifu, fundi umeme apime volti kwenye soketi ya mota injini ikiwa inaunguruma na feni iko spidi ya mwisho. Akipata karibu volti 13 au 14 na feni bado inajikongoja, mota imechoka, brashi zake zimeisha. Akipata volti 9 au 10, mota haina kosa. Umeme unapotea njiani: soketi iliyoungua, rilei iliyochoka, au waya wa ethi wenye kutu. Kipimo hiki ni cha dakika chache, na kinakuokoa usinunue mota bure.

Angalizo kwa wanaonunua mota ya mtumba: ikifungwa waya zikiwa zimegeuzwa, feni itazunguka kinyume. Feni ya aina hii ikizunguka kinyume haivuti hewa kurudi nyuma, bado inapuliza mbele lakini kwa unyonge sana. Mtu anaweza kuhangaika mwezi mzima akidhani amenunua mota mbovu. Kama upepo ulipungua siku ile ile mota ilipobadilishwa, muulize fundi wako swali hilo kwanza.

Hatua ya 5: Milango ya ndani.
Ndani ya dashibodi kuna vibao vinavyoelekeza hewa usoni, miguuni au kwenye kioo. Vingine vinavutwa na kebo, vingine na mota ndogo. Weka usoni, kisha pitisha mkono miguuni na juu ya dashibodi kwenye kioo. Kama upepo mwingi unatokea huko, basi hewa haijapungua, inakwenda pasipotakiwa. Mara nyingi ni kebo iliyochomoka, jambo la kurudishwa na kubanwa. Dalili nyingine ya uzee: vipande vidogo vyeusi vya sponji vinarushwa kutoka kwenye matundu. Hizo ni pedi za kwenye vibao zinazooza, na vibao sasa havizibi vizuri.

Wenye Noah na magari mengine yenye AC ya nyuma: ya nyuma ina feni yake. Kama mbele panapuliza vizuri na nyuma ndipo pamelegea, usiguse chochote cha mbele.

Hatua ya 6: Kipoozeo.
Kipoozeo kikifanya kazi huwa kinalowa, kwa sababu unyevu wa hewa unagandia juu yake na kutiririka. Ndiyo maana unaona maji chini ya gari lililowasha AC. Vumbi likikutana na unyevu huo linakuwa udongo, na mapezi ya kipoozeo yanazibwa. Dalili ni upepo mdogo spidi zote, feni inasikika vizuri, filta ni safi, na harufu ya nguo mbichi iliyokaa kwenye ndoo. Kama zulia la abiria nalo linalowa, bomba la kutolea maji limeziba.

Kwa tochi, ukichungulia kupitia tundu la filta au la feni, unaweza kuona uso wa kipoozeo. Uchafu mwepesi hutolewa kwa povu maalum la kusafishia AC, linapulizwa pale na kuachwa litiririke. Uchafu mzito unahitaji kipoozeo kutolewa. Kazi hiyo inahitaji gesi inyonywe kwanza kwa mashine, na baadaye mabomba yavutwe hewa kwa pampu kabla ya kujaza gesi upya kwa kipimo. Hapa ndipo gesi inaingia kihalali. Usikubali kipoozeo kipigwe maji ya presha kikiwa ndani ya dashibodi, wala kisafishwe kwa asidi ya betri au sabuni kali ya choo. Ni alumini, kitatoboka.

PALE GESI INAPOHUSIKA KWELI

Nirudi kwenye ile kesi ya nne. Unatoka Dodoma upepo uko vizuri, unafika karibu na Gairo upepo umekuwa kama wa mdomo, ingawa feni unaisikia inaunguruma. Unazima AC, unaacha feni ipulize peke yake dakika 10 hadi 15, upepo unarudi. Hapo kipoozeo kimeganda barafu, na barafu ndiyo imeziba njia ya hewa.

Barafu inaweza kuletwa na filta au kipoozeo kichafu, kwa sababu hewa haipiti ya kutosha. Inaweza kuletwa na kihisi cha joto kilichokufa, ambacho kazi yake ni kuzima kompresa kabla kipoozeo hakijaganda. Na ndiyo, inaweza kuletwa na gesi iliyopungua. Kwa hiyo hata hapa, gesi ni mmoja kati ya washukiwa watatu. Anza na filta, kisha mwambie fundi apime kihisi, kisha aweke geji za presha. Akikuta gesi imepungua, atafute mvujo kabla ya kuongeza.

"SI UFUNGUE MADIRISHA TU?"

Najua wapo watakaosema haya yote ni anasa, gari kuukuu lifunguliwe madirisha maisha yaendelee. Mchana wa kawaida, sawa. Lakini nina mambo matatu.

Moja, vumbi la barabara zetu. Mzazi mwenye mtoto wa pumu hana chaguo la kufungua madirisha nyuma ya lori la mahindi.

Mbili, mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili, vioo vinafunga ukungu kwa ndani mkiwa wanne garini. Kinachokausha ukungu huo haraka ni AC kuondoa unyevu na feni kusukuma hewa kwenye kioo. Feni dhaifu inamaanisha unaendesha usiku ukifuta kioo kwa kitambaa, huku lori linakuja mbele yako. Kwangu mimi feni ya gari iko kundi moja na waipa na taa.

Tatu, mizigo yenye uhai. Anayebeba vifaranga wa siku moja anahitaji hewa inayozunguka hata kuliko baridi. Wanakufa kwa kukosa hewa na joto kulundikana, na wanadhoofika pia wakipulizwa baridi moja kwa moja. Weka hewa ya nje, feni ya wastani, matundu yasiwaelekee.

NENO LA KUMWAMBIA FUNDI

Mafundi wazuri wapo, na wengi wangependa kupima kama tungewalipa kupima. Kwa hiyo ukifika gereji, acha kusema "nijazie gesi." Sema hivi: "Fundi, upepo ni mdogo spidi zote, hata AC ikiwa imezimwa. Filta nimeshaangalia. Naomba uniangalie feni na kipoozeo, na nitakulipa kazi ya kuchunguza hata kama hakuna kitakachobadilishwa." Mkubaliane hela ya uchunguzi kabla hajafungua kitu. Akibadilisha kifaa, omba cha zamani ukione. Akisema ni gesi, omba akuonyeshe geji kabla na baada, na aweke kiasi kilichoandikwa kwenye lebo.

Utaona tofauti. Fundi anayejua kazi atafurahi kupata mteja wa namna hiyo. Anayeendelea kusisitiza mtungi bila hata kuweka kiganja mbele ya tundu, mshukuru uondoke.

Jioni ya leo jua likipungua, fanya kile kipimo cha dakika mbili, kisha chomoa filta uitazame. Kama hujawahi kuiona tangu ununue gari, jiandae kwa mshangao. Andika tarehe ya kuibadilisha kwenye daftari lile lile unaloandikia oili, na usisubiri joto la Oktoba likukumbushe.

Tukutane wiki ijayo, tutarudi shambani.